Mama kagoma kutaja jina lake dukani, nusura aitwe tapeli

Wakuu habari za majukumu. Hili limetukuta nyumbani, siongezi chumvi.

Mimi nipo Nachingwea, mama yangu anaishi Chinongwe, Ruangwa. Juzi polisi wakampigia: kuna namba imetapeli watu na imesajiliwa kwa jina lake, aripoti kesho yake. Mama mwenyewe laini anayoijua ni moja.

Asubuhi nikamfuata na pikipiki. Tukaanzia duka la kampuni ya simu Ruangwa mjini, tujue hiyo laini ilisajiliwa lini na wapi.

Kijana wa kaunta, mgeni wa huku, akasema, "Mama, taja majina yako matatu."

Mama akatikisa kichwa.

Msiotoka kusini niwaeleze. Kitambulisho cha mama kina jina la utotoni. Kwetu binti akitoka unyagoni anapewa jina jipya, la zamani halitamkwi tena. Kumwita nalo ni tusi. Alitaje mwenyewe mbele ya foleni? Thubutu.

Kijana akatucheki. "Jina lake halijui? Hii ni kesi." Akashika simu aite polisi. Aisee niliogopa, na hasira juu.

Nikamtoa mama nje. Nikakumbuka sheria ya taarifa binafsi: mteja ana haki ya kuomba taarifa zake kwa maandishi, na kampuni inapaswa kupokea ombi hata kwa email, siyo lazima usimame kaunta. Nikatafuta email ya afisa wao wa ulinzi wa taarifa kwenye website, nikaandika, nikaambatanisha kitambulisho.

Polisi nao wakasema mwisho jioni, la sivyo analala ndani.

Tukakaa barazani hapo dukani, mimi na-refresh tu, mama anavuta uradi.

Alasiri majibu yakaingia. Laini mbili zimesajiliwa kwa jina lake, siku moja, wakala mmoja. Mama akamkumbuka huyo wakala: "Aliniambia kidole hakijasoma, niweke tena."

Tukawahi kituoni, askari akasoma, akachukua maelezo, akamwachia mama. Sasa anatafutwa wakala.

Funzo: ukiambiwa uweke kidole tena, uliza kwanza. Na kaunta wakikukwamisha, andika.

Njiani mama akauliza, "Lile jina uliandika wewe?"

Nikamjibu ndiyo, ila sikulitamka.

Tulipokaribia nyumbani akasema, "Haya mwanangu. Kuandika siyo kuita."

Waliowahi kuomba taarifa zao kwa email, mlijibiwa? Tiririkeni hapa chini.