Mkono wa Seremala wa Igamba

Seremala wa Igamba alirithi kwa baba yake ugonjwa wa misuli kukakamaa. Akishika randa, vidole viligoma kufunguka mpaka avisugue taratibu. Akisalimiana na watu kanisani, alicheka mwenyewe: “Subiri kidogo, utaachiwa.” Mwaka wa hamsini na tatu daktari wa misheni alimpa vidonge vipya vya kotisoni, na mkewe, Aida, akashangaa kumwona akiweka kikombe mezani na kukiachia papo hapo. Mwezi huohuo binti yao Enesi aliolewa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Lori la kumpeleka likinguruma, baba alimshika mkono.

“Mwachie mtoto, baba Enesi. Siku hizi vidole vyako vinafunguka,” Aida alimwambia.

“Najua,” akajibu, na bado hakumwachia.