Ni Nani Aliyemwona Bibi Akikausha Mto?

Mwanangu, katika siku zangu za ualimu ipo moja isiyonitoka. Ilikuwa miaka ya tisini, nikifundisha kidato cha kwanza nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Tulikuwa na nakala chache za riwaya ya nchi ya kufikirika, ambako milima huhama na ng'ombe husema. Wenzangu walinicheka, eti hadithi za mazimwi ni za kubembelezea watoto. Sikuwasikiliza; ujana una kiburi chake.

Katika riwaya hiyo mto unakauka, na wanakijiji wanataka kumuua bibi mmoja, eti ni mchawi. Nikauliza, "Nani aliyekausha mto?" Darasa zima likajibu ni bibi, maana ana macho mekundu.

Kabula, binti mpole wa dawati la nyuma, akasimama. "Mwalimu, bibi yangu naye macho yake ni mekundu. Anapikia mavi ya ng'ombe, kuni hakuna, na moshi wake humuumiza macho. Na watu wameanza kumsema."

Niliogopa, mwanangu. Miaka ile vikongwe walikatwa mapanga kwa macho mekundu tu. Nikawaambia wafungue kitabu, wanionyeshe mahali ambapo msimulizi mwenyewe anasema bibi alikausha mto. Wakatafuta mpaka kengele ikalia. Walichokipata ni maneno ya wahusika: huyu kasikia kwa yule, yule kaambiwa na mganga. Nikauliza, "Basi ni nani aliyemwona?"

Shija, mwanafunzi mwingine na jirani yao akina Kabula, alikwenda nalo swali hilo nyumbani. Akamkuta baba yake na wanaume wenzake wakimjadili bibi yake Kabula, kwamba ni mchawi. Baba akasema, "Lisemwalo lipo." Shija akawaamkia wote, kisha akauliza, "Baba, lakini ni nani aliyemwona?" Alipigwa kofi kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa, alinisimulia mwenyewe, shavu limevimba. Ila wazee wale waliinuka mmojammoja wakaenda zao. Bibi hakuguswa.

Kusikia si kuona, mwanangu. Usomapo kitabu, na usikilizapo watu, jiulize kwanza anayesema ni nani, na kama alikuwapo. Kisha uliza kwa sauti, kwa heshima, hata kama kofi litafuata. Kofi hupoa.

Mungu akujalie uzee mrefu, na siku yako ikifika uondoke kama bibi yake Kabula: kitandani kwako, wajukuu wakikushika mkono.