Nguzo za Erastus

Mume wangu Erastus aling'oa miwa yetu yote hapa Khayega akapanda mikaratusi. Alikuwa amesikia sokoni kwamba kampuni za simu zitaleta intaneti ya kasi mpaka vijijini.

"Mama Griffin," aliniambia, "waya zinapitanga kwa nguzo, na nguzo ni mti. Mwenye miti ndiye atatajirika."

Nikamuuliza ni nani aliyeagiza hizo nguzo. Akanicheka.

Miaka minane nimewanunulia watoto miwa ya kutafuna sokoni, mimi binti wa mkulima wa miwa! Fundi wa umeme alipokuja kutaka nguzo kumi, Erastus alimfukuza, eti bei ya intaneti bado haijafika.

Jumanne kampuni ilikuja kweli. Wafanyakazi walichimba mtaro kando ya barabara, wakalaza waya chini ya udongo. Erastus alisimama pale kutwa nzima akingoja wafike kwenye nguzo. Jioni msimamizi wao akamjia kwa heshima.

"Mzee, mizizi ya miti yako inatuzibia njia. Tunakuomba uikate."

Shoka nilimletea mimi mwenyewe.