Mbio za Baiskeli Zilipokutana na Nyanya za Ilula

Jamani, sijui kuendesha baiskeli. Nimelificha hili miaka hamsini, na sasa daktari anasema moyo wangu hauna muda mrefu.

Leo mbio za baiskeli za kulipwa zimepita hapa Ilula kwa mara ya kwanza. Nikapewa kipaza sauti niwaeleze watu mchezo wenyewe, kwa sababu kila mtu hapa anajua kuwa mimi, Mwalimu wao mstaafu, nilikuwa bingwa wa baiskeli chuoni.

Nilieleza vizuri tu. (Nilisoma jana kwenye simu. Chekeni.)

Kosa langu lilikuwa moja. Nilitangaza: "Wakifika mlimani watapunguza mwendo!"

Kwa wauza nyanya wetu, anayepunguza mwendo ni mteja.

Akina mama wakaingia barabarani na ndoo. "Kaka, nyanya! Simama, nakuongeza mbili!"

Aliyekuwa anaongoza akakwepa ndoo, akaanguka, nyanya zikatapakaa lami yote. Akainuka, akaokota moja, akaing'ata, akapanda tena. Shangwe zake mngezisikia!

Mjukuu wangu Neema akaruka. "Babu, na mimi nitashindana!"

Mama mmoja akacheka. "Wewe binti, hiyo kazi ya wanaume."

"Mimi nimerithi kwa babu!"

Wote wakanigeukia. Nikatabasamu, nikawapungia mkono. Nimerudi nyumbani na aibu yangu.

Neema, najua utasoma hapa. Hukurithi kwangu. Bingwa wa chuo alikuwa marehemu bibi yako. Mimi nilikuwa namshikia chupa ya maji.