Kigingi cha Nne

Mwezi uliopita nilikwenda Kibeta kumpa hongera mdogo wangu aliyejifungua, nikamkuta fundi juu ya paa lake anafunga antena ya televisheni. Nilikwenda kumwona mtoto, jamani, si fundi. Lakini nilipoona anakaza waya wa upande wa mlima, na ule wa upande wa ziwa ameuacha unaning'inia, mdomo ukanitangulia. Nikamwambia aanze na wa ziwani, maana upepo wa huku unatoka huko, na akimaliza aupige kwa kidole ausikilize. Fundi akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akaniuliza nimejulia wapi mambo haya. Nilicheka mpaka mdogo wangu akatoka na mtoto begani kuja kuuliza kuna nini.

Nimejulia Kishanda, rafiki yangu, kwenye kibanja chetu cha migomba, chini ya mlingoti wa mkaratusi wenye urefu wa mita kumi na mbili. Wenzangu walikuwa wakicheza rede. Mimi nilikuwa nakagua waya, na sikuwaonea wivu hata kidogo.

Baba alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu mpole, mwenye wazimu wa aina moja tu, nao ni redio. Sisemi redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii ilikuwa ya kuongea: unabonyeza kitufe, unasema, na mtu wa mbali mwenye redio kama yako na kibali kama chako anakujibu. Hawauziani kitu, wanapenda tu kusalimiana. Redio hiyo Baba aliachiwa na padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na barua ya kibali kutoka Dar es Salaam ilipofika, baada ya kungojewa mpaka tukaisahau, Baba aliisoma kwa sauti mara tatu. Bibi, yaani mama yake, alitaka kujua kama barua hiyo inazuia radi. Baba akasema haizuii. Bibi akasema basi haijakamilika.

Antena ya kwanza ilikuwa kichekesho. Baba alitandaza waya wa shaba kutoka mparachichi mmoja hadi mwingine na kuufunga kwa kamba za migomba, kama tulivyofunga kila kitu pale kwetu, kuanzia mizigo ya kuni hadi vifurushi vya senene. Kamba ya mgomba ikilowa inalegea, na Kishanda kunyesha si habari. Kila baada ya mvua waya ulishuka ukalala juu ya majani ya migomba, na redio ikabaki kukoroma. Siku moja tu, asubuhi ya jua, tulisikia sauti ya mwanamume ikisema wazi kabisa kwa Kiswahili kwamba yuko Mbeya, kisha ikazama. Baba alisimama wima na vipokea sauti shingoni, kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilijua tumekwisha.

Kuanzia siku hiyo tukawa watu wa mlingoti. Tulikata mikaratusi miwili, tukaimenya, tukaipaka oili chafu miguuni isiliwe na mchwa, tukaiunga kwa bolti. Nilikata vipande vya dumu la mafuta ya kula nikavitoboa, ili waya wa antena usigusane na ule wa kushikilia. Nilikuwa nikinuka oili shuleni na kanisani. Baba aliomba Dar es Salaam anwani ya yule mtu wa Mbeya, wakaandikiana barua, naye kumbe alikuwa mwalimu pia, wakakubaliana: Jumamosi fulani, saa nne asubuhi, wanafunzi wake wa kike watakuwa kwenye redio. Baba akanitazama akasema kwa upande wetu nitaongea mimi. Niliandaa sentensi yangu nikaikariri kwa wiki tatu, hata mbuzi wetu waliisikia.

Siku ya kusimamisha ilikuwa sikukuu. Wanaume walikuja na miti yenye panda ya kusukumia, wengine wakashika kamba, na Mama alikuwa ameweka ndizi na maharage motoni tangu alfajiri. Mlingoti ulipanda ukitetemeka, ukasimama, na watu wakapiga vigelegele. Nyaya za kushikilia zilikuwa nne. Tatu zilipata vigingi vyake vizuri. Wa nne, wa upande wa ziwa, ulikuwa mtihani, kwa kuwa kibanja chetu kinateremka na upande ule ni chembamba, na huwezi kusogeza mlingoti juu, kuna kaburi la Babu. Baba alirudi kinyumenyume akihesabu hatua, akaishiwa na ardhi. Pale ardhi ilipoishia palikuwa na mti imara, umesimama mahali penyewe hasa alipopataka. Akaufunga waya hapo.

Mti huo ulikuwa mlamula.

Kama hukukulia kwetu, nikueleze. Mlamula ni mti mwembamba wa majani marefu tunaopanda kwenye mpaka wa vibanja. Ndio mwamuzi. Wazee wakigombana juu ya ardhi, wanakwenda kuuliza mlamula uko wapi, na neno linaishia hapo. Haung'olewi, hausogezwi, hata mbuzi hafungwi hapo. Baba alilijua hilo tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Lakini siku ile kichwani mwake kulikuwa na pembe na mizani tu, na wanaume wote walikuwa wametazama juu.

Jirani yetu wa chini, mama mjane niliyemwita Mama Jirani, hakuwepo siku hiyo. Alikuwa Bukoba kwa binti yake. Huyu ndiye aliyenifundisha kumenya ndizi bila kujikata, na uji wa kwake niliunywa mara nyingi kuliko wa nyumbani. Aliporudi, akashuka kibanjani kuchuma majani, akaukuta mlamula umeanza kuinama kuelekea kwetu kwa kuvutwa na waya. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka uani, akasimama, hakuketi. Bibi alimletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyopokewa, naye akaitazama asiiguse. Kwetu kukataa kahawa ni neno zito kuliko tusi.

Baba alijitetea kwa fizikia, masikini. Alisema mti umeinamia kwetu, kwa hiyo aliyeongezewa ardhi ni yeye jirani. Mama Jirani akamjibu polepole, kwa sauti ile ile aliyonifundishia kumenya ndizi.

"Mwalimu, leo umeuvuta uje kwako, kesho utausukuma uje kwangu. Mti ukishaguswa na mmoja peke yake, hauamui tena kitu."

Akasema hadi Jumamosi waya uwe umefunguliwa, la sivyo atakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alipoondoka, Bibi alimgeukia mwanawe akamwambia amesoma mpaka amesahau kusoma. Na Baba, aliyekuwa na jibu la kila kitu, safari hii alikubali. Alisema jirani ana haki na mlingoti utashuka. Bila waya wa ziwani hauwezi kusimama, upepo utauangusha juu ya nyumba.

Sasa Jumamosi ile ndiyo ilikuwa Jumamosi yangu. Niliposikia hivyo nililia kwa hasira, si kwa Mama Jirani, kwa Baba. Nikamwomba jambo moja: wanaume wa kuteremsha waje saa sita, saa nne waniachie mimi. Akakubali.

Asubuhi hiyo kulikuwa kumenyesha, migomba yote inachuruzika. Saa nne kasoro Baba aliwasha redio. Ile milio ya kuitafuta sauti, inayopanda na kushuka, mpaka leo nikiisikia mahali nasimama kuisikiliza. Hapo hapo nikamwona Mama Jirani mlangoni. Amekuja mapema kushuhudia waya ukifunguliwa. Bibi akanituma kahawa, nikampelekea, akaikataa tena, safari hii kwangu mimi, na iliniuma mno. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikavuta kigoda mpaka karibu na meza ya redio, nikamwambia mlingoti ukishuka leo sitaongea tena na mtu yeyote wa mbali maishani mwangu, kwa hiyo angalau akae anisikie mara hii moja. Akaketi kwa kunihurumia, nadhani.

Na Mbeya ikaja. Ilikuja wazi, kama mtu yuko jikoni kwetu. Msichana alisema wako kumi na wawili chumbani, akauliza nani yuko Kishanda. Baba akanipa kipaza sauti. Nikabonyeza kitufe, na sentensi ya wiki tatu, ile ambayo mbuzi waliijua, haikuwepo. Msichana akauliza tena. Mama Jirani akaniangalia, akasogeza uso kwenye kipaza sauti changu, akaanza yeye.

"Hamjambo huko, wanangu? Sisi huku mvua imetupiga tangu usiku. Kwenu imenyesha?"

Msichana akasema haijanyesha, jua ni kali, mahindi yananyauka. Mama Jirani akashika kifua. Akawapa pole, akauliza wanalima nini kingine, akauliza wamekunywa chai, akauliza mwalimu wao anawapiga. Kule Mbeya wasichana walicheka wote kwa pamoja, na kile kicheko kilijaza chumba chetu. Baba alikuwa akinong'ona kuhusu kanuni za kibali, hakuna aliyemsikiliza. Ndipo msichana akaanza kumwimbia Mama Jirani wimbo wa kuomba mvua wa kwao. Ulifika ubeti wa pili, upepo ukapiga kutoka ziwani, na sauti ikakatika.

Mama Jirani akamgeukia Baba kana kwamba ndiye aliyewafungia mlango wale watoto. Baba akamweleza ukweli: ardhi imelowa, mlamula umezidi kulegea, mlingoti umelala upande na antena imeingia kwenye majani ya migomba. Mti ule hauwezi kazi hiyo, na hakupaswa kuupa.

Mama Jirani alitoka nje. Tukamfuata wote mbio mpaka chini, Bibi na fimbo yake, Mama na mwiko. Wanaume walikuwa wameshaanza kufika na kamba zao. Alisimama karibu na mlamula ulioinama, akauwekea mkono, halafu akavuka mpaka akaingia kwenye kibanja chake mwenyewe, hatua moja, ya pili, katikati ya mimea yake ya maharage. Akakanyaga.

"Fungueni mti. Kigingi pigeni hapa."

Baba alisema hapana, hapo ni ndani kwake. Mama Jirani akamjibu kwamba yeye anajua palipo kwake, ndiyo sababu anaweza kupatoa. Ila alitoa masharti mawili. Mlamula unyooshwe sasa hivi, mbele ya familia zote mbili, wote wameushika. Na kigingi atakitunza huyu mtoto, na kila akija kukitazama apige hodi kwanza.

Ah, rafiki yangu, ile saa! Wanaume watatu walishika waya kwa mikono, nyundo ikalia, mlingoti ukainuka tena taratibu, na sisi tumeushika mlamula, Bibi upande huu, Mama Jirani upande ule, mimi katikati nashindilia udongo kwa miguu mitupu. Baba aliupiga waya kwa kidole, ukatoa sauti. Nikakimbia kupanda kilima kwa kasi kuliko nilivyowahi kukimbia, nikakaa mezani, nikabonyeza. Wasichana wa Mbeya walikuwa bado wanatusubiri. Nikasema sentensi yangu yote: hapa ni Kishanda, wilaya ya Muleba, sisi wazima, hatujui ninyi. Wakapiga makofi. Nyuma yangu Mama Jirani alikuwa akiuliza kahawa yake iko wapi.

Miaka minne kila Jumamosi nilishuka na kopo la grisi, nikapiga hodi mlangoni kwake, nikaitwa ndani, nikanywa uji, ndipo nikaenda kutazama kigingi. Kazi ya dakika tano ilinichukua asubuhi nzima. Mawingu meusi yakitanda, ni yeye aliyekuwa wa kwanza kupaza sauti kutoka kwake tuchomoe waya kwenye redio tuutoe nje. Na alipokuja kututembelea aliulizia Mbeya kwanza, sisi baadaye.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Matanga yalipokwisha Baba alichukua spana akateremka, nami nikamfuata. Watoto wake wakatuambia kigingi kikae, hakimsumbui mtu. Baba akawashukuru sana, akasema ruhusa ile ilikuwa neno la mama yao, na mwenye neno amekwenda. Wanaume waliushikilia mlingoti wakaulaza, na waya wa ziwani akaufungua mwenyewe. Niling'oa kigingi kwa mikono, nikajaza tundu udongo, nikapasawazisha, nikalia.

Leo ninayo simu. Naongea na Mbeya nikiwa nimelala kitandani, sihitaji mlingoti wala hatua mbili za shamba la mtu. Ninaishi Kashai, mjini Bukoba, chumba cha kupanga, mwaka wa sita sasa. Jirani yangu tunatenganishwa na ukuta mmoja wa tofali, namsikia akikohoa. Sijawahi kumpigia hodi.