Punje Iliyobaki Kikombeni

Wananchi wa Tshopo, simameni wima, vueni kofia! Mwandishi wa makala haya, aliyetumwa rasmi na gazeti la bweni (kurasa mbili, nakala tisa), anawaletea shujaa wa sayansi ambaye Kisangani haijapata kuona mfano wake. Shujaa anawasili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amepakiwa nyuma ya toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria, sketi ina grisi ya mnyororo, mkononi kikombe cha maharagwe makavu.

Ni Exaucée Lifoko, miaka ishirini na saba, mtunzi wa programu za kompyuta. Ofisi yake ni meza moja bandarini Makiso. Huandikisha abiria wa boti la mbao liendalo Isangi, kwa programu aliyoitunga mwenyewe. Kila abiria huandikwa jina na umri, kisha huhesabiwa tena akiwa ndani. Hesabu mbili zisipolingana, mashine haitoi karatasi ya ruhusa. Kwa kila boti linaloondoka hulipwa faranga elfu kumi na tano. Lisipoondoka, hapati kitu.

"Ma' Exaucée, leo unapika ama unahesabu?" anauliza mpakiaji mmoja.

"Nikipika, wewe hautakula."

Maharagwe ni zana ya kazi. Umeme ukikatika, yeye huendesha programu kwa vikombe. Kikombe ni kigeu, yaani jina lenye kitu ndani. Punje ndiyo kitu chenyewe. Asubuhi hii mwanafunzi wa chuo, Déborah, anamsubiri na swali kwenye daftari.

"Mademoiselle, boucle, ile amri ya kurudia-rudia, inajua namna gani kama imemaliza?"

"Haijue kitu. Inauliza tu: sharti imetimia? Kama bado, inarudia. Ukikosea sharti, itazunguka mupaka batri ikufe."

Anainuka kwenda kumchorea mfano ukutani kwa chaki. Mwandishi wa makala haya anakalia kiti alichokiacha wazi mbele ya mashine, akiandika.

Saa mbili abiria wote wameketi. Mashine inasema sitini na moja. Waliomo ni sitini.

Exaucée anahesabu tena. Sitini. Anasoma orodha kwa sauti, jina kwa jina, nao wanaitika. Jina moja haliitikiwi: Jeancy, miaka minne.

Mama Angèle, mchuuzi wa samaki wakavu, anagusa vichwa vya wanawe watatu, kisha anavigusa tena. Vijana wawili wanachomeka pondo majini, chini ya ubao wa kupandia, polepole, kama watu wanaoogopa kugusa kitu.

"Programme yako iko mugonjwa," anasema nahodha, Papa Augustin, lakini sauti haina nguvu. "Futa hiyo jina, maman, tuende."

"Siwezi, Papa. Kama huyu mutoto iko mu maji?"

Miaka mitatu iliyopita mdogo wa Exaucée, Désiré, alianguka kutoka boti kama hili, njiani kwenda Yanonge. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi iliyoloa. Boti lilifika, na hakuna aliyejua kwamba mtu amepungua.

"Siku mbili," anasema. "Siku mbili tulimungojea na chakula."

Ndiyo sababu aliitunga programu.

Anatia kikombeni punje sitini na moja na kuamuru kila abiria achukue moja. Kikombe kinapita mkono kwa mkono, kinarudi. Ndani imebaki punje moja. Mwanamke anaangua kilio. Mzee mmoja anaingia majini na nguo zake zote.

Exaucée anaitazama punje, kisha mashine.

"Programme haidanganye," anasema taratibu. "Inashika tu kile mutu alitia."

Kila jina lina saa yake. Jeancy aliandikwa saa moja na dakika ishirini. Exaucée anageukia ukuta wenye chaki, halafu kiti chake, halafu shati jeupe la bweni alilovaa mwandishi.

"Monsieur journaliste. Sept heures vingt, nani alikuwa kwa hii kiti?"

Mwandishi wa makala haya ana jibu la busara tayari. Badala yake anafunga daftari.

Ni mimi. Nilitaka kuona mashine itafanya nini. Niliweka miaka minne kwa sababu nilidhani mtoto atachekesha zaidi.

Makala ya namna hii humalizikia kwenye tumaini la mhusika. La Exaucée ni hili: kesho ataongeza sharti, mtoto asiandikwe bila jina la mkubwa wake, na siku moja programu itumike bandari zote hadi Yanonge. Hakunipiga. Alinyoosha kidole kuelekea mtoni, niende nikaseme mwenyewe.

Mzee alikuwa bado anapapasa chini ya ubao, maji yamemfika kidevuni. Ilibidi nipige kelele. Akainua uso, akauliza kama asiyethubutu kuamini:

"Kweli hakuna mutoto?"

Hakuna, papa. Niliandika mimi.