Chorol Aliyelipima Jua

Watafiti walipofika kijijini kwetu Ladakh, juu milimani, kutafuta mahali pa kujenga darubini mpya ya kuchunguza jua, walihitaji mtu wa kukaa ufukoni mwa ziwa. Wakampata jirani yangu Chorol, mfuga mbuzi. Kila nusu saa, tangu jua kuchomoza, alitazama kwenye darubini ndogo yenye kioo cheusi na kuandika ukingo wa jua unatetemeka kiasi gani kwa hewa isiyotulia.

Tulimtania sana. “Dada Chorol, jua limeamkaje?”

“Limenawa uso. Wewe je?”

Akaendelea hivyo miaka tisa. Baridi ikigandisha wino, aliandika kwa penseli.

Mwaka jana watafiti walikutana katika ukumbi wa shule kuamua darubini kubwa itachunguza nini. Lengo la kwanza lilikuwa nyuzi za sumaku za jua: namna zinavyojisokota hadi zikalipuka. Kuzinasa kunataka kulikodolea jua macho muda wa saa sita bila kukatizwa.

Dakta Raghunandan, mkuu wao, akatikisa kichwa. “Hilo tulifute. Hapa hewa haitulii hata saa mbili. Nimepima mwenyewe.”

Chorol alikuwa nyuma, ameshika birika la chai ya siagi. Akaliweka chini. “Samahani, Daktari. Ulipimia wapi?”

“Kule nyuma ya kilima, karibu na barabara.”

“Aa! Kule sisi huenda kupepeta shayiri!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Daktari alicheka, lakini Chorol hakucheka. “Pale ninapokaa mimi, ulimi wa nchi kavu umeingia majini. Upepo wa ziwani huja laini, haulitikisi jua. Nimeandika yote, ila hakuna aliyekuja kuyasoma.”

Akaenda nyumbani, akarudi na madaftari kumi na manane kwenye kapu la mgongoni. Waliyasoma hadi chai ikapoa. Siku baada ya siku, kwa muda wa saa sita, hata saba, jua limetulia tuli.

“Mama,” Daktari alisema taratibu, “nilikosea.”

Lengo lile likabaki, tena la kwanza. Chorol akauliza, “Na mkishazijua hizo nyuzi?”

“Tutaweza kuwaonya watu kabla mlipuko haujazima umeme na simu zao.”

“Basi kazi ilikuwa na maana.”

Daktari akachukua kalamu aandike jina lake miongoni mwa watafiti. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kifua kimenijaa kama ni dada yangu wa tumbo moja.

“Andika Chorol Yangdol,” Chorol akamwambia. “Akina Chorol tuko watatu hapa, na wale wawili hawajawahi kulipima jua.”